Nyundo Mbili, Pigo Moja

Jumamosi, 1 Machi

Mvua bado. Trekta nayo imekuwa kama mzee asiyesikia vizuri: Baba anakata usukani kushoto, magurudumu ya mbele yanakaa kwanza, yanafikiria, ndipo yanafuata. Mwaka jana Mama Alizeti, mteja wetu mkubwa, alisimama kichwani mwa shamba lake akasema mistari yetu ni kama mwandiko wa mtoto wa chekechea aliyeshikiwa fimbo. Watu walicheka, Baba naye akacheka, lakini njia nzima ya kurudi hakusema neno. Mwaka huu ameapa hagusi shamba la mtu kabla hajatengeneza usukani.

Kazi yenyewe tunaijua, mimi na yeye. Trekta ni ndogo, mgongo wake haunifiki begani, ila usukani wake una viungo kama mwili wa mtu. Chini kuna fimbo za chuma zinazoyashika magurudumu, mafundi wanaziita tairodi, na kila ncha ya fimbo ina kifundo kama cha bega. Vifundo vikilika, usukani unacheza. Ili ujue kipi kimelika, mmoja anakaa kwenye kiti anatikisa usukani kidogokidogo, kushoto kulia, kushoto kulia, na mwingine analala uvunguni na kiganja chake juu ya kifundo. Kifundo kibovu kinakugonga kiganjani kama mapigo ya moyo.

Mwenye kiti ni mimi, tangu miguu yangu inaning'inia. "Haya mama, tikisa," Baba husema kutoka chini, nami natikisa. Hatuongei mengine. Mtaa mzima unaniita Kimya, na Baba, ambaye ana jina lake zuri tu, anaitwa Baba Kimya. Hata kibao cha karakana kimeandikwa hivyo, kwa rangi nyekundu.

Jioni tukila, Baba akasema kesho anakuja binti yake. Alimwangalia Mama. Mimi hakuniangalia. Ni binti aliyempata kabla ya kumjua Mama, akalelewa kwa kina mama yake. Nilikuwa najua yupo kama unavyojua jirani ana kisima: habari zake, si zako.

Jumapili, 2 Machi

Amefika. Ana pua ya Baba. Mimi nilipewa ya Mama.

Jumanne, 4 Machi

Tunalala chumba kimoja. Anakunja nguo zake kona kwa kona kama muuza duka, na zangu pembeni yake zinaonekana kama zimefukuzwa mahali. Mama yake alishafariki. Bibi aliyekuwa anamlea naye kafariki, mjomba wake mwenye karakana ya baiskeli ameoa, nyumba imejaa. Haya yote nimeelezwa na Mama kwa sauti ya chini tukichambua maharage, na akamalizia, "Mwenzio hana pa kwenda. Kuwa na moyo."

Moyo ninao. Ndio unaonisumbua.

Anamwita Mama "mama mdogo", kwa adabu, na Mama keshamtolea shuka jipya ambalo mimi niliambiwa ni la wageni. Mdogo wetu wa mwisho anamfuata kama kifaranga. Huyu mgeni ananiita "mdogo wangu", na mimi inabidi nimwite dada. Maisha yangu yote dada wa nyumba hii nilikuwa mimi.

Leo mbele ya mteja Baba kamtambulisha: "Huyu ndiye mwanangu wa kwanza." Nilikuwa napita na ndoo. Miaka kumi na sita nilidhani neno hilo ni langu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji ninayemjua mimi anaumwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mtihani wa hesabu. Sitaki kuuzungumzia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hili haraka, nisije nikajidanganya baadaye kwamba lilikuwa dogo.

Vidole vya Baba vya mkono wa kulia vimekufa ganzi nchani, tangu betri ilipommwagikia tindikali. Mwaka jana alikuwa anasikia kidogo, mwaka huu hasikii kitu. Kwa hiyo leo asubuhi alipiga trekta jeki, akanitazama, akasema niingie mimi chini. Yeye angekaa kwenye kiti. Nimeisubiri siku hii kuliko siku yoyote. Nilivaa ovaroli yake ya zamani, nikajilaza juu ya gunia, nikaweka kiganja kwenye kifundo cha kushoto. Yule mgeni alishika tochi.

"Cha kushoto kinacheza, siyo?" Baba akauliza.

Kiganjani sikusikia kitu cha kueleweka. Lakini alikuwa ameshasema kinacheza, na Baba ndiye fundi. Nikasema ndiyo, kinacheza.

"Na cha kulia?"

"Nacho."

"Na ule mkono wa katikati?"

"Unacheza kidogo."

Nikangoja swali jingine. Nikachungulia. Mikono ya Baba ilikuwa mapajani. Hakuwa ameutikisa usukani kabisa.

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akamwambia yule mgeni aingie. Akaingia kama mtu anayeingia kitandani kwake. Baba akatikisa, akatikisa tena, na sauti ikatoka kule chini: "Baba, cha kushoto kizima. Kinachogonga ni cha kulia."

"Una uhakika? Mimi nilidhani kushoto."

"Basi ulidhani vibaya, Baba."

Nilingoja mbingu zianguke. Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema huyu si mtoto, huyu ni spana. Na hapo hapo jina likamkaa: Spana.

Mimi akanirudisha kwenye kiti. Aliniwekea mkono begani, akaniambia taratibu, "Wewe mama unaniheshimu mno. Kule chini sihitaji heshima, nahitaji mkono."

Shuleni tunafundishwa kwa lugha moja, nyumbani tunaishi kwa nyingine. Ninazo zote mbili, na zote mbili zinanikimbia mtu mzima akinitazama. Nilitaka kumjibu. Nikashika usukani.

Jumanne, 11 Machi

Mtu kapita barabarani akaita, "Baba Spana, upo?"

Baba kaitika. Bila hata kusita.

Jumatano, 12 Machi

Kifundo kibovu hakitoki kwa kuvutwa. Kimejichomeka kwenye tundu la mkono wa gurudumu, kimenata miaka. Ukikigonga kwa chini unaharibu uzi wa nati. Baba ana njia yake: watu wawili, nyundo mbili, mmoja kila upande wa lile tundu, na wanapiga kwa wakati mmoja. Zikipishana kidogo tu, nguvu inapotea. Zikikutana, chuma kinashtuka na kifundo kinadondoka chenyewe. Kazi hiyo Baba alikuwa anaifanya na fundi wa kuchomelea, na mimi aliniahidi nikikua.

Leo natoka shule, nimefika kwenye kona ya duka la mbao, nikasikia nyundo. Nilisimama. Kwanza zilikuwa zinapishana, ta-ta, ta-ta. Nikafurahi, sitaficha. Halafu zikaanza kukaribiana. Halafu ikabaki moja. Ungekuwa hujui ungesema ni mtu mmoja anapiga. Kisha kitu kikaanguka sakafuni, na Baba akacheka kile kicheko cha kukohoa.

Nilizunguka mtaa mzima kabla ya kuingia. Nilipoingia, Spana alikuwa amepakaa grisi hadi sikioni. Akaniambia nimechelewa, wangenisubiri. Maneno mazuri. Nilimjibu nina kazi ya shule.

Alhamisi, 13 Machi

Mawingu, kisha jua. Mama anasema nimenuna. Nimemwambia ni jino.

Jumamosi, 15 Machi

Vifundo vipya vimefungwa vyote viwili, kulia na kushoto. Wakati wa kuvifungua Spana alihesabu mizunguko kwa sauti, na wakati wa kuvirudisha akahesabu vilevile, ili magurudumu yasije yakatazamana kama makengeza. Akapitisha pini za kufungia nati, akazikunja. Baba alikagua asione la kurekebisha.

Akawasha, akazunguka uwanja. Usukani bado unacheza. Umepungua, lakini unacheza.

Baba alizima injini. Akasema basi ni boksi la usukani, lile lenye meno ndani, na likiwa limekufa hilo msimu umekwisha, maana kulipata jingine ni safari. Wakaipiga tena jeki. Spana akaingia chini, akaweka mkono kwenye boksi. "Ni hapo, siyo?" Baba akauliza. Akajibu, "Ndiyo, Baba. Ni hapo."

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Kabla ya jeki, tulipoisukuma trekta kwa mikono kuiingiza chini ya bati, mimi nilikuwa kwenye kiti nashika usukani. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka, najua pua ya trekta inavyokaa mbele yangu kama ninavyojua pua yangu. Nilipokata kulia, kabla magurudumu hayajageuka, ekseli nzima ya mbele ilijisogeza upande. Kidogo tu, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Nikakata kushoto, ikarudi. Walipopiga jeki nikatikisa tena, ikawa imetulia kama haijawahi kufanya kitu.

Sikusema. Ningependa kuandika kwamba ni aibu yangu ya siku zote, na nusu ni hiyo. Nusu nyingine ni kwamba Spana alikuwa amekosea, na nilikuwa nahisi utamu ulimini kama nimelamba sukari ya watu.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Alizeti kaja na mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka. Kasema mvua ya kwanza ikinyesha atamvumilia Baba, ya pili ikinyesha atamwita mwenye trekta kubwa.

"Siwezi kupanda mbegu kwenye ahadi, Baba Spana."

Baba Spana. Na yeye pia.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha mchana kutwa, ya matone mazito.

Nilipotoka shule boksi lilikuwa limefunguliwa mezani. Meno yake yote mazima, yanang'aa kwenye oili kama meno ya mtoto. Hakuna kilicholika. Baba alikuwa analifunga tena, na Mama alikuwa amemletea chai ambayo imeshapoa.

Spana nilimkuta nyuma, kwenye pipa la maji. Ananawa mikono kwa sabuni na mchanga, na ilikuwa imeshatakata zamani. Nilitaka kupita. Akasema bila kugeuka, "Mkono wangu haukusikia kitu kwenye boksi, mdogo wangu."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema ni hapo.

"Kwa sababu Baba alishasema ni hapo."

Nikabaki nimeshika ndoo. Nikamwambia siku ile ya kwanza alimwambia Baba kadhani vibaya, bila woga.

"Siku ile sikuwa na cha kupoteza," akasema. "Nilikuwa na begi langu mlangoni. Sasa nina shuka." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Wewe unaweza kumwambia lolote. Atakurudisha wapi wewe?"

Sijawahi kufikiri hivyo. Nimekaa nikiona wivu wa ulimi wake, na ulimi wenyewe umeshakuwa kama wangu.

Bado namwonea wivu, nikiwa mkweli. Lakini ule utamu umeisha. Umebaki uchungu wake.

Ijumaa, 21 Machi

Nimejifunza maneno ya kumwambia Baba njia nzima ya kwenda shule. Nikayajaribu na kwa lugha ya shule. Yote yanaanza na samahani.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi, na kila mtu alijua ni ya pili. Trekta juu ya jeki, jeki chini ya ekseli katikati, kama siku zote. Baba uvunguni, Spana pembeni yake, mimi kwenye kiti.

Baba akasema labda walikaze boksi tena. Spana akasema, "Ndiyo, Baba." Halafu akainua macho akanitazama.

Nikasema, "Shusheni jeki." Bati likameza.

Nikasema tena. Kutoka chini Baba akauliza nani kasema. Nikajibu ni mimi. Akauliza nimesema nini. Zile samahani zote zilikuwa zimejipanga mlangoni, na sijui niliwezaje kuzipita.

"Mnatafuta ubovu mahali ambapo haupo, Baba. Shusheni jeki, magurudumu yakae chini. Halafu msishike kitu. Itazameni ekseli tu."

Akatoka. Alinitazama, mimi nikaitazama honi. Alikuwa na grisi kwenye nyusi, na nilikuwa na hakika atanirudisha ndani nikaoshe vyombo. Akaifungua jeki. Trekta ikashuka, ikakaa kwa uzito wake. Akarudi uvunguni na Spana akalaza shavu kwenye gunia. Nikatikisa. Kushoto kulia, kushoto kulia.

"Inahama," Spana akasema taratibu. "Baba, ekseli yote inahama."

Baba akaniashiria kwa mkono niendelee. Nikaendelea mpaka mabega yakauma.

Kuna pini moja nene inayoishika ekseli kwenye kifua cha trekta, ili ekseli ipande na kushuka na mabonde. Pini hiyo imelika. Na kila tulipoweka jeki chini ya ekseli tuliisukuma juu, magurudumu yakaacha ardhi, pini ikabanwa, ikajifanya nzima. Tulikuwa tunauficha ugonjwa wenyewe kwa kutafuta dawa.

Tukahamisha jeki chini ya tumbo la injini, tukatanguliza gogo, ekseli ikaning'inia. Baba akaisukuma kwa mtaimbo, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akacheka, akasema siku zote hizi anawatibu wazima wakati mgonjwa yuko hapo juu ya kichwa chake.

Kuitoa pini kulihitaji mtu wa kushika kipande cha chuma dhidi yake na mtu wa kupiga. Baba akampa Spana chuma, nyundo akanipa mimi. Vidole vya Spana vilikuwa karibu kabisa na pale ninapopiga, na nilikuwa sijawahi kupiga. Aliangalia chuma, nyundo hakuiangalia. Mimi nisingemwamini mtu kama mimi.

Nilipiga sawasawa. Pini ikatoka imelika upande mmoja, na bushi yake, kibomba kifupi inamokaa, imetanuka kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Baba akaigeuzageuza mwangani. Nikasubiri. Nilikuwa nimestahili neno, hata dogo.

Akasema, "Spana, naona umemfundisha mwenzio kusema."

Nilitaka kuirudisha pini ndani.

Baadaye tunanawa kwenye pipa, Spana akaniuliza nimejua tangu lini. Baba hakuuliza, yeye aliuliza. Nikamwambia, tangu Jumamosi iliyopita. Akafikiri kidogo. Nikajiandaa. Akanisogezea sabuni.

Jumanne, 25 Machi

Fundi wa kukereza vyuma ametengeneza pini na bushi mpya. Zimeingia kwa kugongwa kidogo tu. Mama Alizeti katuma ujumbe: anatupa Jumamosi, baada ya hapo tusimlaumu.

Jumamosi, 29 Machi

Kumeanuka. Udongo umelainika hadi ndani, unakatika kama sabuni.

Baba alilima nusu ya kwanza ya shamba, na mistari ilikuwa imenyooka mpaka Mama Alizeti akakosa la kusema, jambo ambalo si la kawaida. Akatafuta, akapata: "Kumbe trekta ilikuwa inajua kuandika. Hii ni ya nani tena, ya Baba Spana?"

Spana alikuwa amechuchumaa anasafisha jembe kwa kijiti. Bila kuinua kichwa akasema, "Ya Baba Kimya, mama. Kibaoni kumeandikwa." Akaendelea na udongo wake.

Basi hata jina langu amenirudishia yeye. Ningependa kumchukia vizuri, kwa utulivu, hanipi nafasi.

Baba akashuka, akaniambia nipande. Miaka yote nimekaa kwenye kiti kile trekta ikiwa imesimama. Akanionyesha mti mkavu upande wa pili, akasema niuweke katikati ya pua na nisiutoe. Nikaondoka. Usukani ulikuwa mzito mtamu, nikigusa unaitika, hakuna kule kufikiri kwa zamani. Mti ukakaa katikati ya pua. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Nilipofika katikati nikageuza kichwa. Baba na Spana walikuwa wamesimama kichwani mwa shamba. Baba alikuwa anamweleza kitu kwa mikono, ana kile kicheko cha kukohoa, na Spana anacheka naye, na pua zao zinafanana hata kwa mbali. Sikuweza kusikia. Nikaangalia kidogo tu.

Nilipomaliza mstari na kurudi, wote watatu walikuwa wanautazama. Umenyooka kama uzi, isipokuwa katikati: hapo una pindo, umevutwa kuelekea kule walikosimama. Mama Alizeti akafungua mdomo. Baba alimtangulia. Alikuwa ameshaanza kuinama kutazama chini ya ekseli.

"Unacheza tena, siyo?"

Na jibu lilikuwa pale, limeiva, rahisi. Ndiyo Baba, unacheza. Angelala kwenye tope lile atafute, na mimi ningepona.

"Hauchezi," nikasema. "Mzima. Nilikuwa nawaangalia nyinyi wawili."

Baba akanyanyuka polepole. Hakucheka. Alinitazama, akamtazama Spana, akautazama mstari, kisha akajifuta mikono kwenye ovaroli muda mrefu ingawa haikuwa na kitu. Spana ndiye aliyepanda. Akasimama nyuma ya kiti changu, mkono kwenye bega langu, akasema, "Geuza. Safari hii tuangalie mti sote wawili."

Nikageuza. Mama Alizeti alikuwa ameshaanza kutia mbegu kwenye mistari iliyo tayari, na kwenye huo wangu aliufuata ulivyo, na pindo lake. Mvua ikiendelea hivi zitaota zote, na mtu yeyote atakayepita barabarani ataona ni wapi niligeuza kichwa.